Kotzebue hadi Unalaska: kilomita 1,460 za angani, siku nzima ya safari

Swali la msomaji: "Shikamoo mwalimu. Nimepata kazi ya mkataba Kotzebue, kaskazini mwa Alaska. Kaka yangu anafanya kazi kiwanda cha samaki Unalaska, Alaska hiyo hiyo, na nina mapumziko ya siku nne mwezi wa Novemba. Kikokotoo cha mtandaoni kimeniambia umbali ni kilomita 1,460 na kwa ndege ni saa 2 na dakika 20. Nikitafuta tiketi naletewa safari za siku nzima, nyingine za siku mbili. Kipi ni cha kweli? Na je, siku nne zinatosha kwenda kumwona na kurudi?"

Marahaba, ndugu yangu, na hongera kwa kazi.

Kilomita 1,460 ni za kweli. Zile saa 2 na dakika 20 hazipo. Hakuna ndege ya ratiba inayotoka Kotzebue ikaenda Unalaska moja kwa moja, kwa hiyo kikokotoo kimekupa muda wa safari isiyosafiriwa na mtu. Tiketi unazoletewa ndizo zenye ukweli, ingawa nazo zina jambo zinalolinyamazia, na jambo hilo ndilo litakaloamua kama siku nne zinakutosha. Nimekaa miaka mingi kwenye dawati la kupanga safari za ndege, kazi ya kupiga hesabu za njia, mafuta na muda kabla rubani hajapanda ngazi, kwa hiyo niruhusu nikujibu kwa mapana.

Umbali unaweza kuuhakiki mwenyewe kwa kalamu na karatasi. Nakusihi ufanye hivyo walau mara moja, maana ukishafanya hutazionea shaka tena namba za umbali, na utajua shaka yako uipeleke wapi. Uwanja wa Kotzebue uko nyuzi 66 na dakika 53 kaskazini, nyuzi 162 na dakika 36 magharibi. Uwanja wa Unalaska, ambao wengi huuita Dutch Harbor, uko nyuzi 53 na dakika 54 kaskazini, nyuzi 166 na dakika 33 magharibi. Dakika hizi si za saa ya mkononi: kila nyuzi moja ya dunia imegawanywa sehemu 60, na sehemu hizo ndizo dakika. Maili ya baharini, ambayo marubani na manahodha wanaitumia hadi leo, ilizaliwa na dakika moja ya latitudo. Mwaka 1929 mkutano wa kimataifa uliofanyika Monaco uliifunga kwenye mita 1,852 kamili.

Sasa toa. Tofauti ya latitudo ni nyuzi 12 na dakika 59, yaani dakika 779. Hizo ni maili 779 za baharini, na tayari umeshapata karibu umbali wote. Tofauti ya longitudo ni nyuzi 3 na dakika 57, yaani dakika 237, ila hapa usikimbilie kuziita maili. Mistari ya longitudo inakutana kwenye ncha za dunia, kwa hiyo kadiri unavyokwenda kaskazini ndivyo inavyosogeleana. Kwenye ikweta dakika moja ya longitudo ni maili nzima. Kwenye latitudo 60 imebaki nusu. Katikati ya viwanja vyako viwili, latitudo 60 na kitu, imebaki 0.494. Zidisha kwa 237, unapata maili 117. Una pembetatu mraba yenye upande wa 779 na upande wa 117. Jumlisha mraba wa hizo mbili, tafuta kipeuo cha pili, unapata maili 788. Zidisha kwa 1.852: kilomita 1,459. Kikokotoo chako hakikukudanganya.

Hesabu hii ya mkato inafaa kwa viwanja visivyoachana sana. Ukitaka kupima bara hadi bara, lazima uifuate duara kuu, ile njia fupi kuliko zote juu ya tufe. Njia rahisi ya kuiona ni kuchukua tufe la darasani, ukabana uzi kwenye sehemu mbili na kuuvuta mpaka ukaze. Uzi utajilaza wenyewe kwenye njia fupi, na mara nyingi utapita kaskazini kuliko ulivyodhani. Ndiyo maana ndege za mizigo zinazotoka Asia Mashariki kwenda Marekani zinatua Anchorage, mji mkubwa wa Alaska, kujaza mafuta, mahali ambapo kwenye ramani ya kawaida panaonekana kama pembezoni mwa kila kitu. Kwenye tufe, Anchorage iko njiani.

Ramani ya kawaida imewapotosha wengi zaidi kuliko kikokotoo chochote. Ramani nyingi za ukutani, na za simu pia, zimechorwa kwa mtindo wa Mercator, ambao unaitanua dunia kadiri unavyozikaribia ncha. Kwenye latitudo 60 kila urefu umevutwa mara mbili. Ukipima Kotzebue hadi Unalaska kwa rula ukatumia kipimio cha ikweta, utapata karibu kilomita 3,000, na utakuja kuniuliza ndege gani hiyo ya kasi ya ajabu. Jambo jingine la kuangalia ni kama kwenye kikokotoo umeandika viwanja, si majina ya miji tu. Kotzebue ni OTZ, Unalaska ni DUT, na Anchorage, ambayo tutaitaja sana, ni ANC. Herufi hizi tatu si urembo. Kuna watu waliokata tiketi ya Sydney wakidhani wanakwenda Australia, wakajikuta Sydney ya Nova Scotia, Kanada. Na kwa kuwa kaka yako yuko kwenye visiwa vya Aleutian, ujue pia kwamba safu hiyo ya visiwa inavuka longitudo 180. Adak iko nyuzi 176 na kitu magharibi, Shemya iko nyuzi 174 na kitu mashariki. Kati yao ni nyuzi 9 na kidogo, lakini mtu anayepiga hesabu kwa mkono akisahau kuzunguka atapata nyuzi 350. Unalaska iko upande wa huku, umesalimika.

Tuje kwenye muda, ambako ndiko kuna mashaka yenyewe.

Vikokotoo vingi vinafanya jambo moja tu: vinachukua umbali, vinaugawa kwa kasi ya jeti, tuseme kilomita 800 kwa saa, kisha vinaongeza nusu saa ya kupaa na kutua. Jaribu: 1,460 gawa kwa 800 ni saa 1 na dakika 50, ongeza dakika 30, unapata saa 2 na dakika 20. Ndiyo namba uliyopewa. Hakuna mtu aliyeangalia ratiba, wala aina ya ndege, wala kama kuna ndege. Kwa miji mikubwa yenye njia ndefu za kurukia na jeti kila saa, makisio hayo hayako mbali na ukweli. Kwa viwanja vya pembezoni yanaharibika, na yanaharibika pande zote mbili. Kule Scotland, kwenye visiwa vya Orkney, kuna safari ya ratiba kati ya Westray na Papa Westray, kilomita 2.7 tu. Ratiba inaipa dakika 2, na iliwahi kurushwa kwa sekunde 53. Kikokotoo cha aina hii kitaiambia dunia kwamba safari hiyo ni nusu saa. Kwako kimepunguza, kwa watu wa Papa Westray kimezidisha, na sababu ni ile ile: muda hauzaliwi na umbali peke yake.

Kinachouzaa muda, kabla ya kitu kingine chochote, ni urefu wa njia ya kurukia. Nikipewa uwanja nisioujua, swali langu la kwanza huwa hilo, kwa sababu njia ya kurukia ndiyo inayochagua ndege, na ndege ndiyo inayochagua kasi. Njia ya Kotzebue ina zaidi ya mita 1,700, na jeti za abiria aina ya Boeing 737 zinatua pale. Njia ya Unalaska ina mita 1,370 hivi. Ncha zake zote mbili zinaishia majini, na ubavuni mwake umesimama mlima Ballyhoo wenye karibu mita 500. Barabara ya mji inapita kwenye ncha ya njia hiyo, na ndege inapokuja kutua magari yanazuiwa kwa mageti mpaka ipite. Ukifika utaliona jambo hili kwa macho yako, na utaelewa kwa nini nalisisitiza.

Kwa sababu ya ufupi huo, Unalaska inahudumiwa na ndege za pangaboi. Dash 8 ndogo, iliyowahi kutumika huko, inakwenda kama kilomita 500 kwa saa. Saab 2000 ina kasi zaidi, kilomita 650 na kitu. Zote ni ndege nzuri, lakini hakuna inayofika 800. Na ufupi wa njia haupunguzi kasi tu, unapunguza pia makosa yanayosameheka. Tarehe 17 Oktoba 2019, Saab 2000 iliyotoka Anchorage ilitua Unalaska ikiwa na upepo wa nyuma, haikusimama, ikapita mwisho wa njia na kwenda kukwama ukingoni mwa maji. Abiria mmoja alifariki. Wachunguzi wa Marekani walikuta nyaya za mfumo wa kuzuia magurudumu yasiteleze zimeunganishwa kinyume. Kwenye njia ya mita 3,000 hitilafu kama hiyo ingeweza kuishia kwenye matairi yaliyoungua. Sikuelezi haya nikutie hofu, maana usafiri huo una watu makini wanaoufanya kila siku. Nakueleza ili siku utakapoambiwa "leo hatuendi, upepo umegeuka", usidhani unazungushwa.

Baada ya njia ya kurukia, kinachofuata ni idadi ya watu. Sensa ya 2020 iliihesabu Kotzebue watu 3,102 na Unalaska watu 4,254. Miji hiyo miwili haina wanafunzi wa pamoja wala soko la pamoja. Mmoja ni kitovu cha vijiji vya kaskazini, mwingine ni bandari ya uvuvi, na kwa miaka mingi umeongoza Marekani nzima kwa wingi wa samaki wanaoshushwa. Wanaotaka kutoka mmoja kwenda mwingine kwa siku fulani pengine ni wewe peke yako. Lakini wote wawili wanataka Anchorage, penye hospitali kubwa, maduka na ndege za kwenda kwingine. Kwa hiyo mashirika hufanya hesabu ambayo hata mimi ningeifanya. Ukiwa na viwanja 20 na ukataka kuviunganisha kila kimoja na kila kingine, unahitaji njia 190. Ukivifunga vyote kwenye fundo moja, njia 19 zinatosha, na kila ndege inapata abiria. Gharama ya hesabu hiyo anailipa msafiri kama wewe, anayetoka ncha moja kwenda ncha nyingine.

Gharama hiyo tunaweza kuipima. Kotzebue hadi Anchorage ni karibu kilomita 880. Anchorage hadi Unalaska ni karibu 1,270. Jumla 2,150, yaani kilomita 690 zaidi ya mstari ulionyooka, karibu nusu ya safari nyingine juu ya safari yako. Utaruka kwanza kusini mashariki, kisha kusini magharibi, kama mtu anayezunguka pande mbili za shamba kwa kuwa katikati hapakatiki.

Kwa kipande cha kwanza, jeti itachukua saa moja na nusu hivi. Unaweza kushangaa, kwa sababu 880 gawa kwa 800 ni saa moja na dakika chache. Sisi watu wa ndege tunaanza kuhesabu pale kabari zinapoondolewa kwenye magurudumu, tunaacha pale zinaporudishwa mwisho wa safari. Ndani ya muda huo mna kusogea hadi njia ya kurukia, kupanda, kushuka, na kujipanga kutua. Kwenye safari fupi kama hii jeti inakuwa ama inapanda ama inashuka karibu nusu ya njia, na wakati huo haina ile kasi yake ya juu. Novemba uongeze na dawa ya kuyeyusha barafu inayonyunyiziwa mabawani kabla ya kuondoka. Haikwepeki, na ikianza theluji upya inanyunyiziwa tena.

Kipande cha pili kinategemea upepo kuliko kitu kingine. Chukua Dash 8 ya kilomita 500 kwa saa. Hewa ikiwa imetulia, kilomita 1,270 ni saa 2 na dakika 32. Lakini pepo za latitudo hizo kwa kawaida zinavuma kutoka magharibi, na wewe unaelekea huko huko zinakotoka. Upepo wa mbisho wa kilomita 100 kwa saa, ambao huko juu si habari ya kushangaza, unakuacha na kasi ya 400 juu ya ardhi, na safari inakuwa saa 3 na dakika 10. Ukirudi na upepo huo huo ukiwa kisogoni, ni saa 2 na dakika 7. Wengi wanadhani kwenda na kurudi vinafidiana. Havifidiani. Jumla bila upepo ni saa 5 na dakika 5 hivi. Jumla na upepo ni saa 5 na dakika 17. Unakaa ndani ya upepo mbaya kwa muda mrefu kuliko unavyokaa ndani ya upepo mzuri, kwa hiyo upepo haurudishi chote ulichochukua. Vijana wapya kwenye dawati letu nilikuwa nawapa hesabu hii siku ya kwanza, na hakuna aliyeiamini kabla ya kuipiga mwenyewe.

Kuna na mafuta. Kwa kanuni za Marekani, ndege ya abiria ya ratiba haibebi mafuta ya kufika tu. Inabeba ya kufika, ya kutoka hapo kwenda uwanja mbadala hali ya hewa ikikataa, na ya kuendelea kuruka dakika 45 juu ya hayo. Kwa Unalaska, uwanja wa karibu wenye njia ndefu ni Cold Bay, kilomita 285 hivi kuelekea mashariki. Ni kijiji kidogo sana, lakini njia yake ina zaidi ya mita 3,000, urithi wa Vita vya Pili vya Dunia. Mafuta yote hayo ni uzito, na ndege ya pangaboi ina kikomo cha uzito. Kinachoshushwa ili mafuta yapande ni mizigo, wakati mwingine viti. Kwa hiyo usishangae ukifika Unalaska na begi lako likabaki Anchorage likaja kesho yake. Dawa, chaja na nguo ya baridi viwe kwenye begi la mkononi. Wakati mwingine ndege inatua njiani kuongeza mafuta, na hapo uongeze walau nusu saa nyingine.

Sasa nifike kwenye lile jambo ambalo tiketi inalinyamazia. Tiketi itakuambia unafika saa fulani. Haitakuambia ni mara ngapi ndege za huko hazifiki. Unalaska iko pale Bahari ya Bering inapokutana na Pasifiki, na Novemba ni msimu wa dhoruba. Mawingu yanashuka chini, Ballyhoo inatoweka, na rubani lazima aione njia ya kurukia kutoka mbali kwa sababu milima haimpi nafasi ya kukosea. Asipoiona anarudi.

Nimewahi kupanga safari ya aina hiyo, kwenda uwanja wa kisiwani wenye milima kama huo. Niliweka mafuta ya kwenda, ya kuzunguka na ya kurudi kote. Ndege ilifika juu ya kisiwa. Abiria wa dirishani waliona mashua bandarini kupitia tundu la wingu, lakini njia yenyewe ilikuwa imefunikwa. Ilizunguka kwa dakika 25. Mimi niko dawatini na kalamu, kila baada ya dakika tano namsikia rubani akinitajia mafuta yaliyobaki, nami namtajia kiwango tulichokubaliana kwamba akikifikia anageuza. Akakifikia, akageuza. Watu walikaa angani zaidi ya saa tano wakashuka kwenye mlango ule ule waliopandia. Mwenzangu wa mapokezi aliniambia kuna mama aliyeshuka bado amepakata boksi la keki, akauliza kwa upole kama kesho watajaribu tena. Tangu siku hiyo kila ninapomwandikia mtu muda wa safari kwenda uwanja wa pembezoni, namkumbuka huyo mama. Safari yake ilikuwa na umbali, ilikuwa na muda, na haikuwa na kufika.

Labda utauliza kuhusu kukodi ndege ndogo iruke moja kwa moja. Inawezekana: ndege ya kilomita 500 kwa saa ingechukua kama saa 3, ikipita juu ya delta ya mto Yukon, kisha mashariki mwa kisiwa cha Nunivak, kisha zaidi ya kilomita 600 za bahari tupu, baridi, bila uwanja chini yake. Utalipia ndege nzima, na utalipia pia safari yake ya kurudi tupu. Na ukifika, Ballyhoo iko pale pale na wingu lake. Mimi nisingekushauri.

Turudi kwenye siku zako nne. Saa zako za angani, tukiweka upepo wa kawaida, ni kati ya nne na tano kwa kwenda. Lakini kutoka mlango wa nyumba yako Kotzebue hadi mlango wa kaka yako, uandike siku nzima, na hiyo ni ikiwa ndege ya asubuhi ya kutoka Kotzebue inawahi ya kwenda Unalaska siku hiyo hiyo. Kama haiwahi, unalala Anchorage. Saa za ukutani hazikusumbui, kwa kuwa miji yote mitatu iko kwenye saa moja ya Alaska. Jua ndilo litakalokuchanganya kidogo: Unalaska iko magharibi mno kwa saa hiyo kiasi kwamba wakati wa baridi jua linafika juu kabisa karibu saa 8 mchana badala ya saa 6.

Kwa hesabu hiyo, siku moja ya kwenda na moja ya kurudi zinakuachia siku mbili za kukaa na kaka yako, kama kila kitu kitakwenda sawa. Novemba, kwenye njia hii, mimi sipangi kwa kudhani kila kitu kitakwenda sawa. Ningetaka siku sita. Siku ya ziada iwekwe mwanzoni na nyingine mwishoni, na hiyo ya mwishoni ndiyo muhimu zaidi, kwa sababu ukikwama Anchorage wakati wa kwenda unapoteza mapumziko, lakini ukikwama Unalaska wakati wa kurudi unamweka mwajiri wako kwenye zamu isiyo na mtu. Zungumza naye kabla hujakata tiketi. Akikubali kukupa hizo siku mbili juu ya nne, nenda Novemba. Asipokubali, isogeze safari hadi Mei au Juni. Hata wakati huo ukungu upo, lakini mchana ni mrefu na ndege iliyoshindwa asubuhi ina nafasi ya kujaribu tena jioni ile ile.

Ukikata, tafuta vipande vyote viwe kwenye tiketi moja. Mashirika ya njia hizi mbili mara nyingi si mamoja, na ukiwa na tiketi mbili zisizojuana, ndege ya kwanza ikichelewa hasara ya ya pili ni yako. Ikishindikana kupata tiketi moja, acha usiku mmoja katikati. Kata kiti cha ndege ya kwanza ya siku kwenda Unalaska, ili ikirudi bila kutua bado kuna saa za mchana zilizobaki.

Na siku yenyewe, ukiwa Anchorage umeshika begi, usitegemee utabiri wa simu peke yake. Sisi dawatini, kabla ya kuiruhusu ndege kwenda mahali kama pale, tulikuwa tukimpigia mtu aliyesimama uwanjani. Nawe una mtu wako. Mpigie kaka yako saa moja kabla, mwambie atoke nje ya kiwanda atazame Ballyhoo. Akikuambia anakiona kilele, panda. Akikuambia anaona nusu tu, panda pia, ila ule kwanza na uwe na kitabu. Akikuambia mlima hauonekani kabisa, mwambie asije uwanjani kukusubiri mpaka wewe mwenyewe umpigie ukiwa umeshatua.